Matone Mekundu Kwenye Njia ya Tatu

Wasikilizaji wapendwa wa Eyvik, wa mashamba yote yanayotupata, na ninyi mlio bwenini mnaojifanya mnajisomea, ni saa nane mchana, Jumapili, na hii ni redio ya shule inayowafikia kutoka juu ya ghala la ngano. Mimi ni Bryndis Halldorson wa darasa la kumi na moja. Kila Jumapili hufungua kipindi hiki kwa mlio wa bata. Leo bata amepumzishwa. Nimevaa tai ya shule, ingawa hamnioni. Mwalimu mkuu ameniona, akaguna, akafunga mlango polepole. Ni heshima ambayo hajawahi kunipa.

Leo tunamkumbuka Skapti Eyolfson. Skapti Eyolfson, mtengeneza barafu wa ukumbi wetu wa mchezo wa mawe, curling, pale tunaposukuma jiwe juu ya barafu na kulifagilia njia hadi kwenye duara. Alifariki Jumamosi ya juma lililopita, asubuhi ya kwanza ya mashindano ya Februari, akiwa na miaka sabini na moja. Tulimzika Alhamisi.

Hakufa kwa uzee. Hakufa kwa baridi, ingawa nusu ya mji inasema hivyo kwenye foleni ya posta. Alikufa wiki tano baada ya kufanyiwa upasuaji wa mshipa wa damu mguuni, na upasuaji huo ulifanikiwa. Nasema tena kwa wale waliokuwa kwenye kabati la biskuti: upasuaji ulifanikiwa. Alikufa kwa sababu ya yaliyofuata.

Mjane wake, mama Runa, aliketi nami siku mbili jikoni kwake. Nilimuuliza niseme nini na nifiche nini. Akasema, "Sema yote. Hata ya kinena. Yeye alificha ya kutosha."

Basi nasema yote.

Sisi wa bweni tulimwita Afi, yaani babu, ingawa yeye na Runa hawakupata mtoto. Aliingia ukumbini akiwa na miaka kumi na tisa, mtengeneza barafu wa wakati ule alipovunjika mkono. Akaombwa ashike kazi wiki mbili, kwa dharura. Dharura hiyo ilidumu miaka hamsini na miwili.

Mnaijua kazi yake, maana sote tumeiona bila kuitazama. Kabla ya kila mchezo alijifunga mtungi wa maji mgongoni, kama ule wa kunyunyizia dawa shambani. Halafu alitembea kinyumenyume kutoka mwisho mmoja wa njia hadi mwingine, akipepea mpira wa maji kushoto, kulia, kushoto. Matone yaliganda yakawa vipele vidogo, na mawe yakapita juu ya vipele hivyo. Bila matone, jiwe hukwama kama gari kwenye matope. Njia moja ilimchukua hatua sitini na tatu. Hakutazama nyuma hata mara moja.

Majira mawili ya baridi yaliyopita, mtu fulani alitia pakiti tisa za unga wa kinywaji cha stroberi kwenye mtungi ule. Njia ya tatu ikawa ya waridi. Mji mzima ulikuja kusikiliza Afi atakavyofoka. Afi alipiga goti, akagusa barafu kwa kidole, akaramba.

"Sukari imezidi," alisema. Kisha akasimama. "Ni barafu. Inateleza. Chezeni."

Wakacheza wiki nzima kwenye barafu ya waridi. Mtu fulani ni mimi. Nilikiri wakati ule na nakiri tena, kwa sababu rangi ile itarudi kwenye habari hii, na mara ya pili haikuwa yangu.

Sasa tuje kwenye mguu.

Mguu wa kushoto wa Afi ulianza kuwa wa baridi miaka mitatu iliyopita. Wasikilizaji wapendwa, huyu ni mtu aliyesimama juu ya barafu kila siku tangu ujana wake. Nani angeshangaa? Ukumbini kila mtu ana miguu ya baridi. Runa alimfumia soksi ya pili. Afi akawa anavaa soksi moja kulia na mbili kushoto, na mambo yakaishia hapo.

Kisha shavu la mguu, nyuma chini ya goti, likaanza kumuuma akitembea. Si akikaa, akitembea. Akifika katikati ya njia alisimama, akatazama chini kwa dakika moja au mbili, maumivu yakaisha, akaendelea. Tulimwona. Tulinong'onezana kwamba Afi anasoma barafu. Wachezaji wageni walipiga picha. Kumbe alikuwa anasubiri damu ifike.

Novemba iliyopita Runa alimwona akivua soksi.

"Skapti, kidole hicho kimefanya nini?"

"Kimejigonga."

"Kimejigonga lini?"

"Kiulize chenyewe."

Kidole kidogo kilikuwa cheusi. Runa hakukiuliza. Alichukua ufunguo wa gari na kumpeleka hospitali Winnipeg, mwendo wa saa mbili na nusu barabarani, Afi akilalamika njia nzima kwamba mashine ya baridi ya ukumbi haipendi kuachwa peke yake.

Daktari bingwa wa mishipa ya damu alikuwa Lisette Pelletier. Runa anasema ni mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Aliusikiliza mguu kwa chombo, akapima presha ya mkono na presha ya kifundo, kisha akavuta kiti.

"Mzee, barafuni unasimama kwa miguu mingapi?"

"Miwili, mpaka leo."

"Na yote miwili iko kwenye barafu ileile?"

"Ileile."

"Basi mbona mmoja tu ndio wa baridi?"

Runa anasema mumewe aliinama, akazitazama soksi zake tatu.

Wasikilizaji wapendwa, lishikeni hilo. Miguu miwili, barafu moja, mguu mmoja wa baridi. Hiyo si barafu. Hiyo ni damu isiyofika. Na maumivu ya shavu la mguu yanayokuja ukitembea na kwenda ukisimama si uzee. Nendeni mkapimwe. Ninyi mnaofanya kazi ukumbini, ninyi mnaovuta sigara, ninyi wenye kisukari, nendeni kabla kidole hakijawa cheusi.

Daktari alimchorea. Mshipa mkubwa wa paja ulikuwa umeziba kutoka karibu na kinena hadi gotini. Kuna wagonjwa wanaoweza kupanuliwa mshipa kwa puto dogo linaloingizwa kwa tundu la sindano. Kwake kuziba kulikuwa kurefu mno, na kugumu. Ilibidi afunguliwe. Wangemkata kinenani, wangemkata chini ya goti, kisha wangeshona bomba jipya juu na chini ili damu ipite kando ya palipoziba. Bomba bora ni mshipa wa mgonjwa mwenyewe. Mishipa ya Afi ilikuwa myembamba mno, kwa hiyo angewekewa bomba la kiwandani, la kitambaa maalumu.

Afi alielewa mara moja. Chini ya barafu yetu mna mabomba ya maji ya chumvi yanayoigandisha, na yeye ndiye aliyeyashona na kuyashona upya maisha yake yote.

"Na hili la kiwandani lina ubaya gani?" aliuliza.

"Vijidudu vikilifikia, dawa haziwezi kuviondoa kirahisi," alisema daktari. "Mshipa wako mwenyewe hujitetea. Bomba hili halijitetei. Kwa hiyo kidonda cha kinenani ndicho nitakachokiogopa kuliko kingine chochote. Pale ngozi hukunjana, hutoka jasho, na watu huona haya kupaonyesha."

Alimwambia na mengine, bila kuyapaka sukari. Kwamba moyo unaweza kusumbua mezani. Kwamba mguu unaweza kupotea hata wakifanya kila kitu sawa. Kwamba watu hufa, wachache, lakini hufa. Runa aliyaandika yote nyuma ya bahasha. Kisha Afi akauliza swali lake la pekee.

"Nitatembea kinyumenyume lini?"

"Miezi mitatu, ukiwa mtiifu."

"Mashindano yetu ni wiki tano baada ya siku uliyonipangia."

"Basi mwaka huu utakuwa mtazamaji."

"Sijawahi kuyatazama. Huwa natazama barafu."

Daktari alicheka. Kisha akamuuliza anavuta sigara ngapi. Afi akasema ameacha. Wasikilizaji wapendwa, hakuwa ameacha. Alikuwa amepunguza hadi mbili kwa siku, na alizivuta kwenye chumba cha mashine, ambako harufu ya amonia, gesi ya mashine ya baridi, humpoteza hata mbwa. Sigara hubana mishipa midogo ya ngozi, na ngozi isiyopata damu haifungi vidonda. Daktari alipanga kazi yake kwa jibu aliloambiwa. Hakudanganywa mke tu. Alidanganywa mtu mwenye kisu.

Kabla ya kwenda hospitali jambo moja lilitokea ukumbini, nami naomba mlikumbuke. Mwezi Desemba bomba la maji ya chumvi lilivuja chini ya njia ya tano. Doa moja la njano juu ya barafu, dogo kama sahani ya kikombe. Kesho yake halikukua tena. Kamati ikasema, bora, limeacha. Afi akafunga ukumbi siku mbili, akaivunja njia yote, akachimba hadi kwenye bomba. Kamati ilikasirika. Mimi nilikuwepo, nikitafuta mahali pa kumficha bata wa utani wangu.

"Limeacha lenyewe, Skapti!"

"Bomba halijishoni," alisema Afi, akiendelea kuchimba. "Likivuja halafu likanyamaza, kuna kitu kimeziba tundu. Kikitoka hicho, mtaogelea."

Mlikumbuke hilo.

Upasuaji ulikuwa Januari, Alhamisi. Saa nne na nusu mezani. Kidole kile kidogo kiliondolewa. Alilazwa siku moja kwenye chumba cha uangalizi, muuguzi akiugusa mguu wake kila saa kutafuta mapigo. Runa aliruhusiwa kuingia jioni.

"Niliushika unyayo," aliniambia. "Ulikuwa wa moto kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Nikamwambia, Skapti, mguu wako umerudi. Akalia. Alisema ni dawa ya usingizi."

Siku sita baadaye alirudi nyumbani na karatasi ya maagizo. Runa aliibandika kwenye friji, na bado ipo. Nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha shule, na mwalimu wangu wa historia anaweza kuthibitisha. Inasema mguu utavimba, na hilo ni la kawaida. Inasema ngozi karibu na makovu itakuwa na ganzi, na uchovu utakaa miezi. Inasema usiache aspirini hata ukijisikia mzima. Usinyanyue kitu kizito kuliko dumu la maziwa. Tembea kidogo kidogo, lakini usikae muda mrefu umejikunja. Mkunjo wa kinena uwe mkavu daima. Unyayo ukiwa wa baridi ghafla, mweupe, wenye maumivu, una saa chache tu, usingoje asubuhi.

Na chini kabisa, kwa herufi nzito, inasema kidonda kikitoa maji, usaha au harufu, piga simu siku hiyohiyo. Kikitoa damu, hata kidogo, hata ikiacha yenyewe, piga simu ya dharura.

Hata ikiacha yenyewe. Mstari huo ulikuwa kwenye friji, juu ya mpini. Afi aliushika mpini huo kila siku akichukua siagi.

Muuguzi wa nyumbani hapa kwetu ni mmoja, nanyi nyote mnamjua. Ni Thora Vopni. Alikuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kubadilisha bandeji. Na hapo ndipo shida yetu ya Eyvik ilipoingia. Afi ndiye aliyemfundisha Thora kusukuma jiwe akiwa na miaka saba. Leo Thora ni nahodha wa timu iliyoishinda timu ya Afi kwenye ligi ya mji miaka mitatu mfululizo. Mjini Winnipeg angekuwa muuguzi tu. Hapa alikuwa mtoto wake na mpinzani wake.

"Haya Afi, teremsha suruali tuone kinena."

"Binti, nilikufunga kamba za viatu. Leo nikuvulie suruali?"

"Nimeona mapaja mengi ya wazee kuliko nilivyoona mawe."

"Basi umetosheka. Pale juu ni safi, nimepaosha mwenyewe. Tazama goti."

Thora alitazama goti. Goti lilikuwa zuri. Safari ya pili alisisitiza.

"Nikuletee muuguzi mwanamume kutoka Winnipeg?"

"Aendeshe saa mbili na nusu kwenye theluji kuja kuangalia paja langu? Paja lenyewe litaona aibu."

Thora akacheka. Akaandika kwenye fomu kwamba mgonjwa anasema kidonda cha juu ni kikavu. Ni kweli mgonjwa alisema hivyo.

Kidonda hakikuwa kikavu. Wiki ya tatu kilianza kutoa maji, kisha kitu kizito zaidi. Afi alikiziba kwa vitambaa vya kufutia mawe, alivyokuwa navyo mamia. Alivichoma mwenyewe kwenye jiko la kuni. Harufu ilipoanza, alijipaka manukato ya kunyolea.

"Afi, leo unanukia kama kinyozi," alisema Thora. "Kuna mjane gani mjini?"

Runa akajibu kutoka jikoni, "Akimpata aende naye, na soksi zake!"

Wote watatu wakacheka. Thora aliniambia habari hii juzi Ijumaa, baada ya mazishi, amekaa kwenye gari lake nje ya shule, hakutaka kuingia ndani. "Nilitania manukato yale," alisema. "Bryndis, nilikuwa nacheka juu ya usaha. Ningeweza kusema, Afi, sitoki hapa mpaka nione. Ningemwambia hivyo mgonjwa mwingine yeyote. Kwake nilirudi kuwa na miaka saba."

Wakati huo barafu ilikuwa mikononi mwa kamati ya watu wanne, na ilionekana. Mawe yalikwenda yalikotaka. Njia ya pili ilikuwa na bonde. Afi alitazama kupitia dirisha la ukumbi, siku baada ya siku, kama mtu anayetazama jirani akimpiga farasi wake.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mashindano, alimwambia Runa anakwenda posta. Akaingia ukumbini kwa mlango wa nyuma. Akajifunga mtungi. Mtungi uliojaa una kilo ishirini. Dumu la maziwa lina nne. Runa alikuwa ameshamwonya, naye alikuwa ameshamjibu, "Karatasi inasema nisinyanyue. Huu sinyanyui. Nauvaa."

Njia ya kwanza, hatua sitini na tatu. Njia ya pili, sitini na tatu. Kwenye njia ya tatu alihisi joto ndani ya soksi. Anayetembea kinyumenyume huyaona aliyoyaacha. Afi aliona matone mawili mekundu juu ya barafu yake, kila moja kama kizibo cha soda.

Akavua mtungi. Akabonyeza kinena kwa kitambaa, dakika kumi. Damu ikaacha.

Ikaacha yenyewe.

Hakuweza kuinama ayachimbe yale matone. Akayamwagia maji kidogo, yakaganda chini ya barafu. Akaenda kukaa kwenye kiti chake karibu na mashine ya kahawa. Adhuhuri akina mama wa timu ya Jumanne waliingia kupamba ukumbi.

"Skapti! Njia ya tatu ina wekundu!"

"Wale wa bweni tena," alisema Afi, akanywa kahawa.

Saa nane mimi nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, Bibi Fridriksson, nimesimama kwenye zulia ambalo miguu yangu inalifahamu.

"Bryndis. Mara hii ni ladha gani?"

"Si mimi, Mwalimu."

"Ndivyo ulivyosema kuhusu bata."

"Bata alikuwa wangu. Hii si yangu."

"Utaosha trei za bwaloni. Wiki nzima."

Wasikilizaji wapendwa, sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo tulipomkosa. Nilisema si mimi. Bibi Fridriksson hakuniamini, na ana sababu, ana faili zima. Lakini kama si mimi, basi nini kile? Hakuna aliyeuliza. Mji wa watu mia tisa, mwenye kidonda mmoja ameketi mita kumi kutoka kwenye matone mekundu, na hakuna aliyeuliza. Thora alisikia dukani. Aliambiwa ni soda ya watoto. Akacheka, akanunua maziwa. Hata mimi sikuuliza. Nililia kwa ajili ya jina langu. Sikujiuliza ile rangi imetoka kwa nani.

Ijumaa Runa aliletwa shuleni na kazi asiyoielewa. Mumewe alimtuma na kipande cha keki, ile yetu ya tabaka saba na jemu ya plamu, kimefungwa kwenye karatasi iliyoandikwa, "Kwa Bryndis. Afi." Nilidhani ananicheka. Nilikula mbele ya wenzangu kwa maringo. Nililamba karatasi.

Ijumaa hiyohiyo Thora alibadilisha bandeji ya goti. Goti lilikuwa zuri.

Jumamosi, saa moja asubuhi, Afi aliketi jikoni akivaa viatu vya ukumbini. Aliinama kufunga kamba ya kushoto. Runa alikuwa anakata mkate wa ngano. Alisikia kiti kikisogea, akageuka, akaona suruali ya mumewe imekuwa nyeusi na sakafu nyekundu.

Runa alifanya kila kitu sawa. Nataka mji mzima ulisikie hilo kutoka kwangu. Alimlaza. Aliweka taulo, akabonyeza kwa viganja vyote viwili, kwa uzito wake wote, na hakulifunua hata mara moja kuchungulia. Alipiga simu ya dharura kwa shavu, yaani simu ikiwa sakafuni, akiibonyeza kwa uso wake. Walimjibu kwamba gari la wagonjwa liko njiani. Barabara ilikuwa na theluji hadi magotini. Lilichukua dakika thelathini na nane.

Katika dakika hizo Afi alizungumza. Alizungumza kwa vipande, na Runa alimjibu ili asilale. Alimwambia kuhusu vitambaa. Alimwambia kuhusu mtungi, na soksi yenye joto.

"Ulivunja njia nzima kwa sababu ya doa moja la maji ya chumvi," Runa alimwambia. "Skapti, doa moja! Na hili?"

"Najua," alisema. "Najua, Runa."

Kisha akasema mambo mawili ya mwisho. La kwanza, "Mwambie Thora njia ya tatu inavuta kushoto." La pili, "Ile rangi si ya yule mtoto. Nilimsingizia. Mwambie."

Gari lilipofika alikuwa bado anapumua. Lilipofika kwenye barabara kuu alikuwa hapumui tena.

Daktari Pelletier alimpigia Runa simu mwenyewe siku ya Jumatatu. Runa aliniruhusu niyaseme maneno yake. Alisema, "Tone lile la Alhamisi lilikuwa onyo. Vijidudu vilikuwa vimeshakula mshono wa bomba. Damu iliganda juu ya tundu, ikaziba kwa muda. Angekuja Alhamisi ningemfungua upya usiku huohuo. Siwezi kukuapia angepona. Pengine ningeuchukua mguu. Lakini angenikuta mimi, asingeikuta theluji."

Mama Runa, kwa niaba ya redio hii, bweni la wasichana, bweni la wavulana, na hata bata, tunakupa pole kutoka moyoni. Thora, pole nawe pia. Watu wanakutazama vibaya kwenye foleni ya posta. Wajitazame kwanza. Walipita juu ya matone yale na fagio zao.

Na ninyi wengine, nina ombi. Kama wewe ndiwe mwenye kidonda, kionyeshe. Kionyeshe kwa mtu uliyemfunga kamba za viatu, kwa mpinzani wako, kwa mtoto wa jirani. Ukiona haya, funga macho wewe. Sema ukweli kuhusu sigara kwa yule atakayeshika kisu. Na damu ikiacha yenyewe, usishukuru. Piga simu. Kama wewe siye mwenye kidonda, basi uliza. Ukiambiwa ni utani wa watoto, uliza tena. Uwaulize na watoto wenyewe. Wakati mwingine tunasema kweli.

Mashindano yalifanyika. Runa aliamuru yafanyike. Yalichezwa kwenye njia tano, maana njia ya tatu imefungwa kwa kamba na hakuna anayeikwangua. Mwisho wa Machi mashine itazimwa kama kila mwaka, barafu itayeyuka, maji yatateremka kwenye mfereji wa nyuma. Mpaka siku hiyo matone mawili yapo, chini ya maji aliyoyamwaga kwa mkono wake, hatua nne kabla ya duara la shabaha. Nimekwenda kuyaona. Nilipiga goti, nikaweka kidole juu ya barafu, na sikuramba.

Nendeni mkayaone. Mlango wa nyuma uko wazi.